Mama Mkwe wa Kitale

Kikohozi cha Nakhungu kilikuwa na vipande vitatu. Kwanza kilibisha hodi kifuani, taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Halafu kilikwaruza kama jembe lililokutana na jiwe. Mwisho kilipanda juu kabisa kikawa sauti ya kuku aliyeona mwewe. Nakhungu akikohoa sokoni Kamukuywa, ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliacha maji wakainua vichwa, na kuna siku baraza lilivunjika kabla ya wakati kwa sababu chifu alidhani ameambiwa akae chini.

Mama huyo alimzaa Edah, na Edah akaolewa na Wabwile, fundi wa cherehani kutoka Bumula. Sasa, kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake si watu wa kuchezeana. Hawashikani mikono. Hawali sahani moja. Mwanamume akimwona mkwe anakuja njiani anaingia kichakani kama sungura, hata kama kichaka chenyewe ni cha upupu, na kama hakuna kichaka anageuka atazame mti mpaka mama apite. Kulala chini ya paa moja, hilo hata kwa mfano halitajwi. Haya hiyo huisha siku mkwe anapompelekea mama blanketi wakasalimiana mbele ya watu, na Wabwile alikuwa bado hajapeleka. Kwa hiyo alikuwa ameoa, amezaa, mtoto ameota meno, na uso wa mama mkwe hajauona. Alijua miguu yake, maana anayeinamisha kichwa huona miguu. Na alijua kikohozi.

Wabwile alikuwa akishona kwenye veranda ya duka moja Bungoma, karibu na stesheni. Miaka ile vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha na wanaume wengi walirudi na ufundi wa jeshi, ikawa mafundi ni wengi kuliko suruali. Suruali ya mtu ikipasuka mafundi waliirukia kutoka kila upande, huyu anavuta mguu, yule anavuta kiuno, mpaka mwenyewe anarudi nyumbani na kaptula.

Hapo verandani Wabwile aliketi na Wanjala. Wanjala alikuwa bakoki wake, yaani walitahiriwa mwaka mmoja, wakapakwa tope la mto mmoja asubuhi moja. Bakoki humfichi kitu wala humnyimi. Akifika kwako na una kuku mmoja tu, kuku huyo anaanza kuaga jamaa zake. Wabwile ndiye aliyemfundisha Wanjala kushika makasi, ingawa mkono wa Wanjala haukukubali mafunzo: suruali alizoshona, mguu mmoja ulielekea Mumias na mwingine Malaba. Lakini alikuwa na koo. Aliigiza filimbi ya treni mpaka abiria wakakimbia na mizigo yao, treni yenyewe iko bado Jinja. Siku za mvua, kazi ikikosekana, Wabwile alimwigizia kikohozi cha mkwe wake, naye Wanjala alimkosoa.

"Hapana, bakoki. Mimi nimemsikia mama huyo Kamukuywa. Hapo mwisho hujapandisha. Sikia."

Akakohoa. Wabwile, bila kufikiri, akajikuta ameinama chini ya meza kujificha. Walicheka mpaka kopo la vifungo likamwagika, na vifungo vingine havijapatikana hadi leo.

Kisha Wanjala akaenda Kitale kutafuta maisha. Alichopata ni kazi ya ghala la mahindi, kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa kama mkuki wa mtoto. Siku moja dereva wa lori alileta salamu zake Bungoma: Muhindi mmoja Kitale, Bwana Kishore, amenunua cherehani mpya na anatafuta fundi wa kweli. Bakoki wangu Wabwile aje haraka.

Edah alisikia habari hiyo akiwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nenda," alisema. "Lakini mimi sihamii Kitale kukaa kwa mtu. Unitafutie chumba chenye mlango, na mlango wenye komeo upande wa ndani. Hapa kwa mama yako kila mtu anaingia na pua yake mpaka kwa sufuria. Nataka siku moja nifunge mlango mimi mwenyewe, nikae, hata kama ni kukaa bure tu."

"Kitale vyumba ni ghali, wanasema."

"Wewe utafute. Ukikosa mlango, usirudi kuniambia habari za cherehani."

Basi Wabwile akaenda kutafuta mlango.

Kitale ya siku hizo ilikuwa ya wazungu wa mashamba, na baridi yake pia ilikuwa ya wazungu. Jogoo alianza kuwika alfajiri, wimbo ukaganda hewani nusu, watu wakangoja jua lipande ndipo wasikie uliobaki. Bwana Kishore alimpokea Wabwile kwa kumvua koti. Alilipindua ndani nje, akafuata mishono kwa kidole, akavuta kwapa, akavuta mfuko. Koti hilo Wabwile alijishonea mwenyewe.

"Mzuri," alisema Kishore. "Wanjala nataka kazi hii, mimi naona suruali yake, mimi naambia yeye, wewe shona gunia, gunia haina miguu. Wewe anza Jumatatu. Lakini mimi nataka fundi iko na nyumba. Fundi ya kwanza nalala kwa rafiki, askari nakuja usiku nauliza wewe nalala wapi, yeye hana jibu, naenda jela. Suruali ya watu nabaki na mimi. Jumatatu asubuhi kuja hapa, ambia mimi nyumba ya nani unalala. Hakuna nyumba, hakuna cherehani."

Wanjala alikuwa amesimama pale karibu na nguzo. Maneno hayo ya gunia alikuwa ameshayasikia mara ya kwanza akiwa peke yake. Safari hii aliyasikia mbele ya bakoki. Alicheka, na Wabwile naye akacheka kidogo, akamgonga begani. Hakuona ubaya.

"Twende, bakoki," Wanjala alisema. "Tukutafutie hiyo nyumba."

Walizunguka lokesheni, mtaa wa Waafrika, Alhamisi nzima na Ijumaa asubuhi. Chumba cha kwanza kilikuwa kidogo, na mpangaji aliyekuwa akikihama alisema ukweli wote: mtu akitaka kugeuka usingizini lazima atoke nje, ageuke, ndipo arudi ndani. Cha pili kilikuwa kikubwa, ila mabati yake yalikuwa na matundu mengi, na mwenye nyumba alidai kodi ya juu kwa sababu, ati, mpangaji anaona nyota bila kutoka kitandani. Cha tatu kilikuwa na kitanda kizuri cha chuma, lakini kitanda kilikuwa na mtu wake wa mchana, mlinzi wa kiwanda, na wao walitaka mtu wa usiku tu. Kitanda hicho hakijapoa tangu kinunuliwe. Kuku walitagia chini yake na mayai yakaanguliwa yenyewe.

"Wewe mwenyewe unalala wapi?" Wabwile aliuliza.

"Usiulize," Wanjala alijibu. "Tuko watano na mbuzi, na mbuzi ndiye yuko karibu na ukuta."

Ijumaa adhuhuri ndipo walipofika kwa Nyaruai. Huyo alikuwa mama wa Kikuyu, mnene wa maneno, aliyekuwa na nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Ndani ilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa nje, na ukuta wa katikati haukufika paa. Ulisimama kifuani mwa nyumba kama mtu mfupi kanisani. Vyumba vyote viwili vilikuwa vitupu. Kile cha mbele kilikuwa na dirisha linalotazama mlima Elgon, na mlango wa mbao, na upande wa ndani wa mlango, komeo la mti wa mwerezi laini kama kijiko.

Wabwile alilifunga. Akalifungua. Akalifunga tena.

"Unanunua komeo ama unakodi chumba?" Nyaruai aliuliza.

Kodi aliyotaja ilikuwa ya mtu wa kawaida. Wabwile alimtazama kuona kama anatania.

"Ni kwa nini chumba kizuri hivi kina bei ya chini, mama?"

"Kwa sababu ya huo ukuta. Watu wanasema jirani atawasikia. Mimi nasema, kama hamna siri, jirani atasikia nini? Sasa nisikize, kijana. Mimi sishikilii mtu chumba kwa mdomo. Wamekuja hapa wengi, ati ningojee, naenda kuleta mke. Anayelala ndiye mwenye chumba. Leo usiku ukilala, ni chako. Usipolala, kesho ni cha mwingine, na usije kunililia."

"Nitalala," Wabwile alisema.

Alilipa kodi papo hapo, akakunjua mkeka wake. Wanjala alizunguka chumba mara moja, akagusa ukuta, akatazama juu pale ukuta ulipokoma. Alitazama muda mrefu kidogo.

"Umepata, bakoki," alisema. "Mimi nimekaa mji huu nimelala na mbuzi. Wewe umekuja juzi, umepata cherehani, umepata komeo. Wacha nirudi ghalani."

Mvua ya alasiri ikaja, ile ya Kitale inayopiga mabati kama mahindi yanayomwagwa. Wabwile alilala chali akitazama paa. Alipanga kitanda kikae wapi, mtoto alale wapi, Edah akae wapi akifunga mlango wake na kukaa bure. Mvua ilipopungua alisikia mlango wa chumba cha pili ukifunguliwa. Mtu aliingia, akatua kitu chini.

Halafu kikohozi.

Kikabisha hodi. Kikakwaruza. Kikapanda, na kuku akaona mwewe.

Wabwile alikuwa amesimama kabla hajajua amesimama. Kwenye ufa wa ukuta aliona ukingo wa leso nyekundu ukipita, akafumba macho papo hapo, kama mtu aliyemwagiwa pilipili. Angetazama vipi? Mtu atazame ufa amchungulie mama aliyemzalia mke? Hiyo ni laana ya kupofua vitukuu. Kikohozi kikaja mara ya pili, karibu zaidi, na chini yake sauti ndogo ya kike ikinung'unika habari za kifua. Wabwile alinyakua mkeka na koti. Mlango ulikuwa na komeo na komeo lilikuwa laini, lakini mikono yake haikulikumbuka tena. Alipitia dirishani. Watu wa lokesheni wanasema alipita bila kugusa upande wowote, na dirisha lilikuwa dogo kama kitabu cha kanisa.

Alikimbia mpaka kwenye miti ya stesheni, na hapo akasimama, mkeka kichwani. Baadaye Wanjala alimkuta. Wanjala alikuwa amelowa, uso umenyong'onyea.

"Bakoki, nimekutafuta mji mzima. Nilitaka kufika kwako kabla. Mama yake Edah amekuja na lori la leo."

"Nimemsikia."

"Umemsikia? Maskini. Ni kifua, ameletwa kwa daktari. Nyaruai amempa kile chumba cha pili, hana pahali pengine. Atakaa mpaka apone, na kifua cha namna hiyo, unajua mwenyewe."

"Sasa mimi, Wanjala?"

"Sasa wewe, nini? Utamtoa mama mgonjwa kwenye mvua? Ama utalala naye chini ya paa moja, ukuta wenyewe ule?" Alimshika bega. "Rudi nyumbani, umwambie Edah mama yake ni mgonjwa. Mimi nitaongea na Kishore akungoje. Nitamwambia tu ukweli. Wewe huniamini?"

Wabwile alisema anamwamini. Alisema hivyo na machozi yakamtoka, si kwa sababu ya chumba. Alikuwa akiwaza kwamba mtu mwingine asingejali, angemwacha alale pale avunje mwiko bila kujua. Wanjala mwenyewe ndiye aliyemsimamishia lori la mahindi, akampandisha, akampa hindi la kuchoma la njiani. Lori lilipoondoka alibaki akipunga mkono mvuani mpaka kona.

Lori lilikwama tope usiku kucha, likafika Kamukuywa Jumamosi, soko limejaa. Wabwile alishuka anyooshe miguu. Alikuwa anapita kwenye safu ya wauza vyungu, kichwa kimejaa huzuni, na hapo, kama hatua tatu nyuma yake, kitu kikabisha hodi. Kikakwaruza. Kikapanda.

Aliruka nyuma ya magunia ya wimbi akajikunja. Ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliinua vichwa. Alikaa pale akihema, na polepole, kama maji yanayoingia kwenye kiatu, wazo likaanza kumwingia. Jana huyu mama alikuwa Kitale, mgonjwa. Lori langu ndilo la mwisho kutoka. Amefikaje hapa kabla yangu, na vyungu?

Basi aliendelea kujikunja, lakini sasa hakuwa anajificha tu. Alikuwa anaogopa kusimama.

"Wewe chungu," sauti ya Nakhungu ilisema, na aliiambia nyungu kubwa aliyokuwa akiuza, kwa maana hakuruhusiwa kumwambia mkwe moja kwa moja. "Mwambie huyo aliye nyuma ya wimbi, visigino vyake mimi navijua. Vilikuja kwangu na ng'ombe mmoja kilema."

Wabwile akageuza mgongo, akafunika uso kwa koti, akarudi kinyumenyume mpaka nyungu ikawa katikati yao. Watu walianza kusogea. Jambo kama hilo halionekani kila soko.

"Wewe chungu," Wabwile alisema, "muulize mama kama hajambo, na muulize kama jana alikuwa Kitale."

"Chungu, mwambie Kitale nikafuate nini, baridi? Mimi tangu nizaliwe sijavuka hapo. Jana nilikuwa nachoma hivi vyungu, na waliokuja kuiba kuni zangu ni mashahidi."

Umati ukacheka. Wabwile hakucheka. Aliieleza nyungu mambo yote: cherehani, chumba, komeo, mvua, leso nyekundu, kikohozi. Nyungu ilisikiliza mdomo wazi. Nakhungu naye alisikiliza mpaka Wabwile akamaliza.

"Chungu," alisema mwishowe, kwa upole kabisa. "Muulize hivi. Ni nani mwingine anajua kukohoa kama mimi, na alifundishwa wapi?"

Hapo Wabwile aliona aibu mbili kwa mpigo. Alimwona Wanjala verandani Bungoma, shingo imenyooka, akikirekebisha kikohozi. Alisikia kopo la vifungo likianguka. Kulitaja jina la mwizi kulimaanisha kutaja pia kicheko chake mwenyewe, mbele ya mama, mbele ya soko. Alilitaja. Nyungu ilibeba maneno hayo kwa shida, na wanasema hapohapo ilipata ufa na haikuuzwa.

"Chungu," Nakhungu alisema, "mwambie kikohozi changu ni cha moshi. Moshi wenyewe ulikuwa wa kumpikia huyo Edah uji mpaka akafika kimo cha kuolewa na fundi. Mwambie sina hasira. Mwambie pia arudi Kitale, atazame kwa macho. Mimi sipo huko, hakuna wa kumwonea haya."

Alirudi kwa miguu, Jumapili yote, koti begani. Njiani alijaribu kila namna kumtetea Wanjala. Labda alidanganywa na mtu mwingine. Labda kuna mama mwingine duniani mwenye kuku na mwewe kifuani. Kila kilima alichopanda alimpa bakoki wake sababu mpya, na kila alipoteremka sababu ilibaki juu.

Jumatatu asubuhi alianza kwa Nyaruai. Kile chumba cha dirisha kilikuwa kimefungwa, safari hii kwa kufuli nje.

"Wewe ni mtu wa namna gani?" Nyaruai alimkaripia. "Chumba umelipa, umekimbia. Rafiki yako ameniambia umeogopa panya. Mtu mzima, panya. Yeye alilala hiyo Ijumaa usiku, kwa hiyo chumba ni chake, mimi nilisema mapema. Pesa yako nimempa akuletee."

"Mama, chumba cha pili kina nani?"

"Hakuna mtu."

"Na Ijumaa, wakati wa mvua?"

Nyaruai alifikiri. "Hakukuwa na mtu. Ni huyo rafiki yako tu alikuja mbio, akaniomba leso ya kujifunika, ati ameshikwa na kifua. Leso yangu nyekundu. Ameirudisha imelowa."

Wabwile alisimama akiutazama mlango. Mwanamume aliyetahiriwa mbele ya ukoo wake, hakupepesa jicho kisu kilipopita, alikuwa amejifunga leso ya mama akatambaa kwenye chumba kitupu. Na chini ya miti ya stesheni alimfuta bakoki wake machozi. Kama angetaka chumba, angesema. Bakoki hanyimwi. Wabwile alijua kabisa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko leso, kwamba Wanjala angeomba, angempa chumba na kulala yeye na mbuzi.

Alienda dukani kwa Kishore. Cherehani mpya ilikuwa verandani, inang'aa kama mende, na nyuma yake ameketi Wanjala na suruali ya mtu. Kishore alikuwa mlangoni. Mafundi wa jirani walimwona Wabwile anavyokuja wakaacha kazi. Wote walijua kuna ngumi. Mmoja alihamisha pasi ya mkaa isije ikapigwa teke. Wanjala aliinua macho, na mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Bakoki," alisema, "wacha nikueleze. Kishore alikataa kungoja, akasema mwenye nyumba ndiye mwenye cherehani. Mimi nikaona, kuliko nafasi iende kwa mtu wa mbali."

Wabwile alifika ukingo wa veranda. Kisha akavua koti, akajifunika kichwa chote, akageuza mgongo, akainama kwa heshima kama mtu aliyekutana na mkubwa njiani.

"Wewe cherehani," alisema, "mwambie mama mkwe anisamehe. Sikujua amekwisha amka. Nimekanyaga mbele yake kama mtu asiye na adabu."

Cherehani haikujibu.

"Cherehani, muulize kifua kimepoa? Juzi kilikuwa kibaya sana, nilikisikia kupitia ukuta. Mwambie Edah hajambo, na mjukuu hajambo. Mwambie leso nyekundu ilimpendeza, ingawa sikutazama. Mimi si mtu wa kumtazama mama mkwe."

"Mama mkwe gani?" Kishore aliuliza.

Mmoja wa mafundi, Mbukusu wa Chwele, alikuwa ameshaelewa. Alianza kwa kukohoa kidogo kama kujizuia, halafu veranda yote ikapasuka. Wanjala alisimama, akaketi, akashika suruali ya mtu akaanza kuishona mguu kwa mguu. "Wabwile," alisema, "nitazame. Mimi ni bakoki wako. Nipige, lakini unitazame."

Wabwile alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume, koti kichwani, mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka.

Kufika jioni ya siku ile, lokesheni nzima ilimwita Wanjala Mama Mkwe. Wiki haikuisha, wapakia mizigo wa stesheni walikuwa wakiingia mtaroni akipita. Wazungu waliowaona wakauliza ni ugonjwa gani. Kishore mwenyewe alimwita Mama Kwe akidhani ni jina la ukoo, akaliandika hivyo. Lakini chumba alikaa nacho, na cherehani pia, na miguu ya suruali ikaenda Mumias na Malaba mpaka wateja wakazoea.

Wabwile hakupata chumba kingine. Alitafuta siku mbili, lakini ile bei ya Nyaruai haikuwa na ndugu mjini. Alirudi Bumula bila mlango. Edah alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza komeo lilikuwa la mti gani. "Mwerezi," alisema. Basi akachonga jingine mwenyewe, akalitia kwenye nyumba yao ya nyasi, halikuwa laini, lilikwaruza kila likifungwa. Edah alilifunga. Kisha wakwe wakamwita kupitia nyasi za ukuta, akalifungua.

Blanketi la Nakhungu lilipelekwa mavuno yaliyofuata, blanketi zito la rangi mbili. Siku hiyo Wabwile aliinua uso akamwona mama mkwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko kikohozi chake, mfupi, mwenye pengo. Alimshika mkono. Halafu akakohoa makusudi, na Wabwile, kwa mazoea, akarukia migomba. Sherehe hiyo, kama harusi ya pili, ilichekwa kuliko ya kwanza.

Wanjala alikuwa akija Bumula kila Krismasi. Wenzao wa rika walikaa kikao, wakasema bakoki hawakosani, tope ni moja. Wabwile alikubali kila walichosema. Lakini Wanjala akitokea njiani na suti yake, Wabwile aliingia kwenye kichaka cha karibu akasimama humo, mgongo umegeuzwa, mpaka apite. Mwaka mmoja Wanjala hakupita. Alisimama palepale njiani karibu na kile kichaka, kofia mkononi.

"Bakoki," alisema, na hakuigiza sauti ya mtu yeyote. "Hata mama mkwe wa kweli haya ilikwisha. Ulimpelekea blanketi. Mimi utaniletea lini?"

Wabwile alishika tawi la lantana lililokuwa mbele ya uso wake.

"Wewe mti," alisema, "mwambie mama huyo, yule nilimpelekea blanketi kwa sababu alinipa mke. Yeye amenipa nini?"

Walikaa hivyo, mmoja njiani na mmoja kichakani, mpaka ng'ombe wa watu wakaanza kurudi nyumbani wakiwapita katikati. Kisha Wanjala akavaa kofia akaenda. Alipofika kona alikohoa, kikohozi chake mwenyewe, kidogo, cha baridi ya Kitale. Wabwile hakugeuka.